Fundi Ana Hema

Kabla ya kupigilia kigingi cha kwanza cha hema, Mama Kamba alikuwa na tabia ya kutazama juu. Wageni wengine walidhani anaomba dua, wakanyamaza kwa heshima. Hakuwa anaomba chochote. Alikuwa anatafuta tawi kavu. Msitu ule uliteremka mpaka mchangani, miti yake mirefu na myembamba, na upepo wa baharini ulizoea kuvunja matawi na kuyaacha yamening'inia huko juu, yameshikiliwa na ganda tu, kama vile yanangoja mtu atandike godoro chini yake. Tangu aanze kazi, hakuna tawi lililowahi kumwangukia mgeni. Mwingine angepata raha kwa hilo. Yeye lilimzidishia wasiwasi. Aliona basi zamu ya tawi hilo inakaribia.

Ndivyo alivyoumbwa. Simu ikilia alishika kifua kabla ya kushika simu. Wanawe walipokuwa wadogo, mmoja akichelewa kurudi kutoka shule, kichwani mwake alikuwa amekwishamzika na kugawa nguo zake. Mtoto akitokea mlangoni anakula kofi kwa kosa la kuwa hai. "Mke wangu huyu," mumewe alikuwa akisema mbele za watu, "mvua ikinyesha anauliza nani amekufa." Watu wanacheka, naye anacheka, huku anachungulia dirishani kuona kama nguo zimeanuliwa.

Alifika kwenye kambi ya wageni ya hifadhi ile akiwa msichana, kufua mashuka. Shule aliiacha mapema. Alipojua kuandika jina lake na kusoma maandishi ya kwenye magunia ya unga, nyumbani wakaona inatosha. Kufua kulimfikisha kwenye kutandika, kutandika kukamfikisha kwenye mahema yenyewe, na huko ndiko alikomkuta Fundi.

Fundi alikuwa kijana wa mikono mirefu na maneno machache, kazi yake kusimamisha mahema na kuyashona yakichanika. Alimfundisha fundo moja la kamba ambalo kadiri upepo unavyovuta ndivyo linavyokaza, lakini ukilivuta mkia linafunguka lenyewe. Msichana alilishika siku hiyohiyo, akawa analifunga vizuri kuliko mwalimu wake. Wenzao kambini wakapata la kusema: Fundi kajifunga kwa fundo lake mwenyewe. Na kweli, haukupita muda wakaoana. Watoto walikuja, wakakua, wakaenda kuishi kwenye miji ya mbali, lakini hakuna aliyemwita kwa jina la mtoto. Lilibaki lile la kambini, Mama Kamba.

Ilikuwa kambi ya kimya. Hapakuwa na duka wala muziki, na mtandao wa simu ulipatikana getini tu. Ukishaingia chini ya miti, simu yako inabaki kuwa saa na tochi. Wageni walitoka mbali kuja kuutafuta ukimya huo, na wakishaupata, wengi waliuogopa, wakawa wanazungumza kwa sauti kubwa bila sababu na kupiga chafya kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Mama Kamba aliwaelewa. Yeye mwenyewe hakuwahi kukiamini kitu kilichonyamaza.

Kifua cha Fundi kilianza kama kikohozi cha vumbi. Stoo ya mahema haikuwa na dirisha, na humo ndimo alimokaa miaka nenda miaka rudi, akikung'uta turubai zilizoota ukungu, akibandika viraka kwa gundi kali iliyowatoa machozi hata waliopita nje. Kikohozi kikawa kukosa pumzi. Kukosa pumzi kukawa kukaa kitako katikati ya njia, ameshika magoti, mtu mzima, anahema kama aliyefukuzwa na mbwa. Daktari alizipeleka picha za kifua kwenye mwanga, akasema mapafu yamechakaa, hayana matengenezo.

"Hata kiraka?" Fundi aliuliza.

Daktari hakucheka. Alimwandikia kichupa cha kupulizia mdomoni, akaita mgonjwa mwingine.

Meneja wa kambi, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimruhusu ashonee nyumbani. Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya gereji, kando ya barabara ambayo lami yake ilikuwa imebaki kwenye masimulizi. Cherehani ilikaa dirishani, na hema likiletwa kutengenezwa lilitanda kuanzia mlangoni mpaka miguuni pa kitanda, watu wakawa wanalivuka kwa ncha za vidole. Mchana, mkewe akiwa kazini, Fundi alibaki na dada yake mkubwa, mjane aliyehamia kwao, mwanamke ambaye ulimi wake haukujua likizo.

"Wifi," alimwambia Mama Kamba asubuhi moja, "wewe kazana na kamba za wageni. Za nyumbani zitajifunga zenyewe."

"Za nyumbani si nimekuachia wewe, wifi, mwenye mikono miwili isiyo na kazi."

"Mikono haina kazi, ila macho ninayo. Mdogo wangu anakwisha hivi hivi tunamwona."

Mama Kamba aliokota kikapu chake akatoka.

Jioni moja, baada ya kubanwa vibaya, Fundi alikuwa ameketi kitandani, mgongo ukutani, midomo imeanza kurudia rangi yake. Alimgonga mkewe gotini.

"Mama watoto. Mimi kufa siogopi sana. Naogopa kufa huku nautazama mlango."

"Nani kazungumza habari za kufa hapa?"

"Usinikatize, pumzi yenyewe ya kuazima. Hili la kifua likinishika, nitakuita wewe. Na wewe uje. Basi. Sina jingine ninalolitaka."

"Nitakuja. Hata niwe juu ya mti."

"Ukiwa juu ya mti usije. Utaanguka, tutakuwa wagonjwa wawili."

Walicheka wote, yeye Fundi kwa mabega tu, maana kicheko cha sauti kilikuwa kinamgharimu. Lakini ahadi ilikuwa ahadi, na Mama Kamba aliipangia kama anavyopanga hema la siku ya upepo. Wifi akiona hali imeanza, apige simu getini. Mlinzi wa pale, aliyeitwa Bwana Geti hata na meneja, amwite kwa redio ya mkononi. Naye aache chochote alichoshika, iwe shuka, iwe nguzo ya hema na mgeni chini yake. Kila asubuhi alipopita alimkumbusha Bwana Geti, mpaka yule mzee akawa anamtangulia kwa mbali: "Najua, mama, najua! Simu ikija nakuita. Hata ndotoni nakuita, mke wangu ameanza kuuliza wewe ni nani."

Na mpango ulifanya kazi. Mara kwa mara aliitwa, akakimbia, akafika amejaa mchanga mpaka kwenye nywele, akamkuta Fundi ameushika mto, na yeye akachukua nafasi ya mto.

Halafu ikaja siku ya hema kubwa.

Lilikuwa hema la kijani la kulia chakula, kubwa kuliko yote, na wageni wengi walikuwa wanakuja kesho yake. Asubuhi meneja alifungua stoo, hema halipo. Akapekua, halipo. Akatoka nje amevimba mashavu.

"Mama Kamba, hema kubwa liko wapi?"

"Si lilikuwa humo, bosi?"

"Ningekuuliza kama lingekuwemo? Kesho nitawalisha wale watu chini ya kanga yako?"

Mama Kamba akawaza wizi, akawaza kufukuzwa, akawaza polisi wakipekua chini ya kitanda cha mgonjwa. Kisha likamjia wazo: hema lile liliwahi kuchanika ubavuni, huenda lilipelekwa kwa Fundi siku ambayo yeye hakuwa zamuni. Wifi alikuwa amelalamika juzi kwamba nyumba imejaa turubai kama bandari. Labda ndilo. Akachukua redio.

"Bwana Geti, nisaidie. Piga simu nyumbani, muulize wifi, Fundi ana hema?"

"Nimuulize kama Fundi ana hema. Nimekupata. Ova."

Alisubiri, redio ameishika kwa mikono yote miwili. Meneja alikuwa amesimama pembeni anapiga teke mizizi. Mwanamke huyu ambaye maisha yake yote aliwaza kifo kabla ya kuwaza kitu kingine, siku hiyo moja hakukiwaza. Nafasi yote ya wasiwasi ilikuwa imekaliwa na hema.

Redio ikakwaruza.

"Mama Kamba, unanipata? Wifi yako anasema ndiyo, ana hema. Tangu asubuhi ana hema. Anasema uende haraka. Ova."

Alishusha pumzi mpaka mabega yakalegea. "Liko kwa Fundi," alimwambia meneja, na meneja akaacha mizizi. Halafu, kwa ile raha ya mtu aliyeponea chupuchupu, akairudia redio kwa sauti ya utani:

"Haraka ya nini? Mwambie akae nalo, nitapita jioni nikimaliza kazi."

"Akae nalo, utapita jioni. Nimekupata."

Siku ile alifanya kazi kwa moyo mweupe. Alianika magodoro, alifagia njia mpaka ufukweni, alirudi akinyoosha kamba na kuimba chinichini. Meneja alisema gari litakwenda kulichukua hema asubuhi, na hilo nalo likawa sawa.

Jua lilipokuwa linazama aliingia uani kwake. Wifi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango, mikono ameikunja kifuani.

"Karibu, mfanyakazi hodari. Umemaliza?"

"Nimemaliza, wifi. Hema liko wapi?"

"Hema?"

"Hema kubwa. La kijani. Si ulisema Fundi ana hema."

Wifi alimtazama kwanza kama mtu anayetazama mwehu. Kisha uso wake ukabadilika polepole, ukawa kama wa mtu aliyekanyaga kitu laini gizani.

"Mimi nilisema anahema," alisema. "Anahema, wifi. Anahema, pumzi zimemkata, tangu asubuhi. Nilikuwa napiga simu getini haipokelewi, mara yule mzee kapiga mwenyewe, kauliza, Fundi anahema? Nikashangaa mmejuaje. Nikamwambia anahema, tena sana, mwambie mkewe aje haraka."

Mama Kamba alishika nguzo ya mlango.

"Na mimi nikajibiwa," wifi aliendelea, sauti sasa imemshuka, hata ukali wake umemwishia. "Nikajibiwa haraka ya nini. Akae nalo. Utapita jioni ukimaliza kazi. Unajua simu yangu imekufa sikio, lazima niiweke spika."

"Alisikia?"

"Alikuwa amelala mapajani kwangu."

Mafundi wa gereji ndio waliombeba kwenye gari la mteja mpaka hospitali, akawekewa hewa ya mtungi, wakamrudisha. Sasa alikuwa kitandani, macho wazi. Mama Kamba alipiga magoti pale chini akaeleza. Alieleza vibaya, alianzia katikati, akarudi mwanzo, akataja meneja, akataja stoo, akayatamka yale maneno mawili mara nyingi mpaka yakapoteza maana: ana hema, anahema, ana hema. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Alimpigapiga mkononi.

"Nimeelewa, mama watoto. Maneno yaligongana. Kalale."

Hema kubwa lilionekana kesho yake. Lilikuwa stoo, chini ya magodoro ya zamani.

Bwana Geti alilia mbele yake kama mtoto, kofia mkononi. Lakini yeye ni mtu wa geti, na mtu wa geti hana pa kuweka neno. Kabla ya wiki kwisha, kambi nzima inajua. Na lilivyokuwa linachekesha, lilichekesha. Wafua nguo wakawa wanasalimiana nalo: "Vipi shoga, una hema au unahema?" Dereva anapanda kilima na mzigo begani, anatweta, wenzake wanamuuliza analipeleka wapi hema lake. Hata Mama Kamba alicheka nao, maana kutocheka kulikuwa kunachosha zaidi. Fundi mwenyewe alikisimulia kisa hicho kwa waliokuja kumjulia hali, na alikisimulia vizuri kuliko wote, akimwigiza Bwana Geti na ova yake. Watu walitoka wakifuta macho.

Ila hakumwita tena.

Mwanzoni mkewe hakuliona. Alidhani ni nafuu. Siku zikapita hajasikia "mama watoto" kutoka chumbani, akaanza kutumaini, na kwake kutumaini kulikuwa kitu kigeni, kama kuvaa kiatu cha mwingine. Mpaka siku aliyokuwa anafua uani akainua kichwa, akamwona kupitia dirishani. Fundi alikuwa amesimama, paji la uso limegusa ukuta, kinywa wazi, mbavu zinapanda na kushuka, mkono mmoja umekamata pazia. Hatua chache tu kutoka alipo yeye. Bila sauti.

Alikimbia na mapovu mikononi. Likaisha, akamketisha.

"Baba watoto, kwa nini hukuniita?"

"Ulikuwa unafua."

"Kufua ni nini? Ungeniita!"

"Limekwisha, si unaona. Rudi usije ukaacha nguo zikachuja."

Tangu hapo alianza kumvizia. Alijifanya anatafuta sindano ili aingie. Aliacha maji yachemke mpaka yakauke, sikio liko ukutani. Fundi hakumnyima salamu, hakumnyima utani, chakula alichompikia alikula alivyoweza. Alimnyima kitu kimoja tu, kumhitaji. Maji alijimiminia. Kichupa chake alikifuata mwenyewe, hata kama ni kwa kujiburuta ukutani. Kamwe hakusema "nipe" wala "njoo." Mkewe angependa ugomvi. Angependa atukanwe, sahani irushwe, wifi aingilie, mambo yapasuke yaishe. Lakini utamgombeza vipi mtu ambaye amekwisha kukusamehe?

"Hajaniamini, wifi," alisema siku moja jikoni.

"Amekuamini. Kaniambia mwenyewe, ni maneno tu yaligongana."

"Basi kwa nini haniiti?"

Wifi alikoroga uji muda mrefu. "Akili imeamini," alisema. "Labda kifua ndicho kilichosikia jibu."

Msimu wa mvua ulipoanza, wageni walikatika. Gereji ya jirani ilikuwa imeanza kupaka magari rangi, na harufu yake ilikuwa inaingia mpaka kwenye mito. Mama Kamba alikwenda kwa meneja akaomba hema moja la zamani, wakae upande wa mwisho kabisa, karibu na maji, maadamu hakuna mtu. Sababu aliyoitoa ilikuwa hewa safi. Sababu aliyoificha ilikuwa nyingine: hema halina chumba cha pili. Humo hawezi kujificha. Humo akibanwa, lazima nimwone, na labda atazoea tena kuniita.

"Mgonjwa wa kifua unampeleka porini kwenye mvua," wifi alisema. "Wewe ndiye mwenye woga wa matawi?"

"Nitatazama juu, wifi."

Gari la kambi liliwashusha. Fundi aliketi kwenye kiti cha kukunja, blanketi mabegani, akamtazama mkewe anasimamisha hema. Alilisimamisha peke yake, nguzo kwa nguzo, na alipomaliza mume alinyoosha kidole.

"Ile kamba ya kushoto imelegea."

Haikuwa imelegea. Aliikaza hata hivyo, na moyo ukamdunda kwa furaha, kwa kuwa amesemeshwa kikazi.

Walikaa pale siku kadhaa. Bahari ilikuwa ya kijivu, imetulia, mawimbi madogo yanaweka mwani mchangani na kuurudia kama mtu anayebadili mawazo. Mvua ilikuwa inapita juu ya miti kabla ya kuwafikia. Waliisikia inakuja, wana muda wa kuingiza viatu. Ngedere waliwaibia mkate. Fundi aliwatazama wakigombania maganda, akasema, "Yule mkubwa anafanana na meneja," na wakacheka, na kwa muda mfupi ilikuwa kama zamani.

Lakini kifua hakikujua kwamba kimeletwa penye hewa nzuri. Kilimbana mchana, kikambana alfajiri. Na ndani ya lile hema la chumba kimoja, akiwa amelala mkono mmoja tu kutoka kwake, bado hakumwita. Aligeukia turubai. Mkewe alimkumbatia kwa nyuma kila mara, akamwambia niko hapa, baba, niko hapa, na yeye hakumsukuma. Alikubali kushikwa. Hakushika.

Asubuhi moja mvua ilikuwa imeacha. Kuni zote zililowa, moto ukakataa. Mama Kamba alikuwa amechutama anapuliza majivu, macho yanamtoka machozi, aliposikia:

"Mama watoto."

Aligeuka upesi mpaka akakaa kitako.

"Eeh, baba?"

Fundi alikuwa ameegemea mito, mlango wa hema umefungwa pembeni kwa kamba ili aone maji. Sura yake ilikuwa imetulia.

"Bwana Geti bado anaweka tangawizi kwenye chai yake?"

"Anaweka. Tena siku hizi anazidisha."

"Natamani kikombe."

"Nikuletee?"

"Niletee."

Alimtazama vizuri, kama alivyotazama matawi. Pumzi ilikuwa fupi, lakini ilikuwa fupi kila siku. "Utakaa sawa? Nikiondoka hapa likikushika..."

"Nenda, bwana. Chai haiji yenyewe."

Akaenda. Angewezaje kukataa? Tangu siku ile ya redio mtu huyu hakuwa amemwomba hata maji. Alitembea njia ya msituni kwa hatua za msichana, chupa ya chai kwapani, matone yakimdondokea kutoka kwenye majani na yeye hayajali. Kutoka kule mwisho mpaka getini si karibu, na alikuwa anajua. Katikati ya njia alisimama. Wasiwasi wake wa siku zote ulimvuta gauni: rudi. Akageuka nusu. Halafu akawaza, nikirudi mikono mitupu, hataniomba tena. Akaendelea.

"Kaniomba chai," alimwambia Bwana Geti hata kabla ya salamu. "Ya kwako. Ya tangawizi."

"Fundi? Kaomba mwenyewe?"

"Kwa mdomo wake."

"Basi ngoja niisuuze birika, hii si chai ya kunywesha mtu aliyeniomba kwa jina." Na yule mzee akasuuza birika, akatwanga tangawizi mpya, akaongeza sukari, akaonja, akaongeza tena, na Mama Kamba alisimama mlangoni pa kibanda akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule, anataka kumwambia afanye haraka, na anaona haya, kwa sababu neno haraka kati yao wawili lilikuwa limeharibika.

Aliporudi, hema lilionekana kwa mbali kati ya miti, na kitu kilikuwa kimebadilika ambacho hakukijua mara moja. Alipokaribia akakijua. Mlango aliouacha umefungwa pembeni ulikuwa umeteremshwa. Zipu ilikuwa imevutwa mpaka chini, na ilikuwa imevutwa kutoka ndani.

"Baba watoto? Ngedere wamekuja?"

Bahari iliendelea na mambo yake.

"Nimekuletea. Bado ya moto."

Aliweka chupa mchangani. Zipu ilishika kidogo katikati, pale alipoibandika mwenyewe Fundi miaka iliyopita, ikabidi airudishe juu na kuivuta tena. Ndani kulikuwa na mwanga wa turubai, ule wa manjano. Fundi alikuwa amelala ubavu, amegeukia ukuta wa hema, miguu ameikunja kama mtu anayempa mwenziwe nafasi. Kichupa chake cha dawa kilikuwa kule kwenye kikapu, hakikuguswa. Mkono ulikuwa bado na joto.

Mama Kamba hakupiga kelele. Kifo alichokiwaza kwa kila simu na kila mvua kilipofika, hakikumkuta na sauti. Aliingia, akalala nyuma yake alivyokuwa amezoea kumshika, akamwambia niko hapa, akakaa hivyo mpaka Bwana Geti alipokuja kuuliza kama chai imependwa.

Wifi aliletwa na gari la kambi kabla ya adhuhuri. Aliteremka na kanga ameifunga vibaya, akapita moja kwa moja mpaka hemani, akachungulia, akarudi nje. Aliuliza kile alichokuja nacho njia nzima.

"Ulikuwepo?"

Bwana Geti alitazama miguu yake. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo, hakuna aliyejua kama pumzi ilikatika kabla au baada ya yeye kurudi.

"Sikuwepo, wifi. Alinituma chai."

"Alikutuma? Yeye? Yeye ambaye hakuwa anakuomba hata chumvi?"

"Aliniita kabisa. Akaniambia nimletee."

Wifi aliitazama ile zipu, akaitazama chupa iliyosimama mchangani, akamtazama yeye. Mama Kamba alikuwa anangoja. Alitaka huyu mwanamke mwenye maneno amwambie moja kati ya mawili: kwamba Fundi alimwonea huruma akamwepusha kuona, au kwamba alimlipizia siku ile ya redio. Lolote, angelibeba. Angalau angejua amebeba nini.

"Na wewe ukaenda," wifi alisema. Hakuuliza, wala hakufoka.

"Nikaenda," alijibu Mama Kamba.

Dereva alikohoa, akasema njia itajaa maji mvua ikirudi. Basi wale wanawake wawili wakainama, mmoja kichwani na mwingine miguuni, wakamtoa.